Shajara ya mradi: Dispensari Kongwe ya Malindi, ghorofa kwa ghorofa

Mwanzo wa kaskazi

Haya, tumeanza rasmi. Mradi wetu ni kuandika historia ya lile jumba la Mizingani, mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, linaloangaliana na bandari, lenye roshani za kijani, ambalo watu wanalipiga picha wakishuka tu kwenye boti ya Dar. Wageni wanaliita Dispensari Kongwe, wazee wa Malindi wengine mpaka leo watakwambia Dispensari ya Ithnaasheri. Tunachokitafuta si ile hadithi fupi ya kwamba Tharia Topan alijenga, Aga Khan akaja akatengeneza, basi. Hiyo kila mtembeza wageni anayo kichwani na anaimaliza kabla hajavuka barabara. Sisi tunataka ghorofa kwa ghorofa na zama kwa zama, chini palikuwa na kazi gani, juu palikaliwa vipi, lini jumba lilikuwa na watu na lini lilibaki tupu, na pale mbele yake baharini palikuwa na nini wakati huo huo, manake jumba hili huwezi kulieleza ukaipa bahari mgongo.

Tuko watatu. Mie naandika. Mchoraji wetu kazi yake ya kila siku ni kuchora plani za nyumba za watu huko Fuoni na Mwera, kwa hiyo jioni ndo anapata nafasi. Wa tatu ni mwalimu wa historia wa skuli moja hapa mjini na yeye ndo aliyelizua jambo lenyewe, alichoka kuona wanafunzi wanapita mbele ya jumba kila asubuhi na ukiwauliza hili ni nini wanakujibu makumbusho.

Kazi ikimalizika itakuwa mchoro mkubwa wa jumba limekatwa katikati kama mkate wa boflo, vyumba vyote vinaonekana ndani, halafu mchoro ule ule unarudiwa, kila mmoja na zama zake. Tumekubaliana zama nne: ujenzi, miaka ya dawa chini na watu juu, miaka ya kuoza, na matengenezo mpaka sasa. Chini ya kila mchoro maelezo mafupi kwa Kiswahili. Utabandikwa maskulini, na vijana wanaotembeza wageni watapewa nakala.

Mtu ameshaniuliza kwa nini jumba hili na si Beit al-Ajaib. Ajaib ni jumba la kifalme, lilijengwa 1883 na Sayyid Barghash kwa ajili ya sherehe na fahari, na limeandikwa mno. Hili letu tangu 1900 lilikuwa na kazi chini na makaazi juu, paa moja, ngazi moja, na huo ndo uliokuwa mtindo wa mji huu mzima upande wa bahari na upande wa Darajani pia, duka chini, mzigo nyuma, familia juu. Miji ya bandari duniani siku hizi inajenga majengo ya namna hii kwa mabilioni, chini biashara, juu fleti, mbele bahari, na yanatangazwa kama jambo jipya. Sisi tunalo pale Malindi, na historia yake ya kuishi watu haijaandikwa sawasawa. Mie hilo linaniuma kweli.

Kilimani

Tumeshinda sana Nyaraka, Kilimani, pale zinapohifadhiwa karatasi za zamani za serikali. Ukumbi wa kusomea una baridi nzuri na wafanyakazi wake wana subira, unaandika namba ya faili unakaa unasubiri, likija unalifungua polepole maana karatasi nyengine zinavunjika ukizikunja tu. Magazeti ya serikali yapo kuanzia 1892, na humo ndimo unapopata harufu ya bandari ya wakati ule, meli zipi zimeingia, nani kasafiri, bei ya karafuu.

Zama ya kwanza sasa imekaa vizuri. Tharia Topan alizaliwa Kutch, India, akaja Unguja kijana mdogo hana kitu, akaingia kwenye kampuni ya Jairam Shivji, wale waliokuwa wamekodi forodha ya sultani. Kukodi forodha manake unamlipa sultani fedha mlizokubaliana kwa mwaka, halafu ushuru wote wa bandari unaukusanya wewe, ukizidi ni wako, ukipungua ni hasara yako. Humo ndimo Topan alimojifunza bandari, na baadae zama za Barghash forodha ikaja mikononi mwake mwenyewe. Alikuwa Khoja Ismailia, yaani Mhindi Mwislamu wa madhehebu ya wafuasi wa Aga Khan, na mkopeshaji mkubwa, hata Tippu Tip safari zake za bara za pembe za ndovu alikuwa akichukua mtaji kwake. Tukisema hilo tuliseme lote: pembe zile zilikuja mabegani mwa watu na biashara ya watumwa ilikuwa imo humo humo, kwa hiyo kwenye maelezo ya mchoro wa kwanza tumeandika fedha ya jumba ilitoka wapi, hatukuishia kwenye neno mfanyabiashara tajiri. Mwalimu aliling'ang'ania hilo na yuko sahihi.

Jiwe la msingi 1887. Mwaka ule Malkia Victoria alikuwa akitimiza miaka 50 kwenye kiti, sherehe zikafanywa himaya nzima, na Topan akaamua kumbukumbu yake iwe nyumba ya dawa kwa masikini hapa Unguja. Aliyechora plani ya jumba wakati ule ni Hashem Virjee Patel. Lakini Topan hakuliona likisimama, alikufa Bombay 1891, na kazi ikamalizika 1894.

Sasa hapa mwalimu kanionesha kitu ambacho sijakiona kimeandikwa hivi popote. Weka miaka ya ujenzi pembeni mwa miaka ya masultani: jiwe liliwekwa Barghash yuko hai, akafa 1888, akaja Khalifa bin Said, akafa 1890, akaja Ali bin Said, na mwaka huo huo Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, akafa 1893, na jumba likamalizika wakati wa Hamad bin Thuwaini. Masultani wanne wamepita mafundi wako kwenye kuta zile zile! Walioweka jiwe waliliweka kwenye dola inayojitawala, na waliopaka rangi walipaka kwenye nchi ambayo amri ya mwisho inatoka kwa Mwingereza. Hilo linaingia kwenye mchoro wa kwanza, juu kabisa, herufi kubwa.

Shaaban, tunachora

Mchoraji amepata ruhusa ya kupima, tumeingia na futi na ngazi fupi. Nje kwanza.

Roshani. Ukipita njiani unaona kijani tu na nakshi nyingi, lakini ukisimama chini yake karibu ukainua kichwa unaona mbao zimekatwa tundu kwa tundu mpaka zimekuwa kama wavu, na kwenye ukingo wa chini kuna vipande vimechongwa vinaning'inia, kila kimoja kina ncha yake, na mkono wa fundi unauona, hiki kimelala kidogo, hiki tumbo lake pana kuliko mwenzake. Kazi hii ni ya Kihindi, ya Gujarati huko, si ile ya milango yetu ya Kiarabu. Halafu kuna vioo vya rangi, jua la alasiri likipiga upande wa bahari rangi zinaingia ndani zinalala sakafuni. Mchoraji alitaka kuchora roshani moja kisha airudie kwenye kompyuta, tukamwambia hapana, kila moja ichorwe kwa mkono wake kwa sababu nazo zilichongwa moja moja. Alinung'unika kidogo, lakini anachora na zinatoka nzuri mashallah.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene. Kwa asiyejua nyumba za Mji Mkongwe: vyumba vyetu vya kawaida ni vyembamba na virefu, na sababu ni boriti. Boriti za mikoko unazoweza kuzitegemea kubeba dari ni za mita tatu hivi, basi chumba upana wake ndo huo huo, urefu fanya unavyotaka. Ndo maana ukitembea nyumba za Shangani, Kiponda, Hurumzi, upana wa chumba unakuwa unaujua kabla hujaingia. Jumba la Topan lilijengwa na mwenye pesa ya kuagiza mbao, msaji ule mzito, na unaona tofauti ukiingia ndani, katikati kuna ua uliofunikwa juu, mwanga unashuka kutoka kwenye paa, na ghorofa zimezunguka na veranda zake, ukisimama chini ukaita mtu wa juu kabisa anakusikia. Ua huu ndo unaoeleza kwa nini jumba liliweza kukatwa fleti bila watu kukaa gizani, kila mlango unafungukia kwenye mwanga.

Ramadhani, kazi za usiku

Mchana hatujiwezi, tunakutana baada ya tarawehe, chai na kaimati, karatasi zimetandazwa sakafuni kwa mwalimu. Mwezi huu tumefanya ukanda wa bahari, yaani ile sehemu ya chini ya kila mchoro inayoonesha mbele ya jumba palikuwaje. Nilidhani itakuwa kazi ndogo, imekula mwezi mzima na imekuwa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Jumba lina miaka miwili tu tangu kumalizika, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zikapiga makasri ya sultani hapo hapo Mizingani kwa sababu Khalid bin Barghash alikaa kwenye kiti bila ridhaa yao. Chini ya saa moja, watu wanasema dakika 38, na waliouliwa na kujeruhiwa ni kama 500. Beit al-Hukm ikaenda, mnara wa taa uliokuwa mbele ya kasri ukaharibika. Na meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa pale pale bandarini, maji hayakuwa marefu kwa hiyo milingoti yake mitatu ikabaki imesimama juu ya maji. Ilikaa hivyo mpaka 1912 ilipovunjwa. Sasa fikiria, wapangaji wa mwanzo wa zile fleti walioingia baada ya 1900, kila asubuhi wakifungua dirisha la bahari wanaiona ile milingoti. Watoto wamezaliwa wakaanza na skuli milingoti ipo. Hatukuwa na haja ya kuandika maneno mengi hapo, mchoraji ameichora mitatu ikitoka majini kwenye mchoro wa pili na inatosha.

Halafu gari moshi. Vijana wengi hawaamini Unguja tulikuwa na reli. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza 1905, ikitoka karibu na Ngome Kongwe ikapita Malindi mpaka Bububu, maili saba, na ndani ya mji ilipita kwenye njia nyembamba mpaka watu waliokaa barazani wanakunja miguu. Kufika mwanzo wa miaka ya 1930 ikawa imekwisha kabisa.

Na bandari yenyewe. Zama zile meli kubwa haziji ukutani, zinatia nanga nje, mzigo unashushwa kwenye tishari na abiria kwenye mashua, forodha iko kule Forodhani na jina limebaki mpaka leo ingawa sasa watu wanakwenda kula mishkaki na urojo. Gati la Malindi limejengwa miaka ya 1920, na hapo ndo jumba letu likabadilika bila kuguswa hata jiwe moja. Lilijengwa likitazama ufuo na majahazi, likajikuta linatazama bandari ya winchi, maghala na makuli. Wagonjwa wake nao wakawa wengine. Kuli akiangukiwa na gunia la karafuu au mguu ukibanwa na kamba, nyumba ya dawa iko ng'ambo ya barabara. Mgomo mkubwa wa 1948 ulianza kwa makuli wa bandari hii hii, ukaenea mji mzima, na tumeuweka kwenye ukanda wa bahari wa mchoro wa pili kwa sababu hatutaki mtoto asome kwamba hapa Mizingani historia ilifanywa na masultani na matajiri peke yao.

Majahazi hayakwisha lakini. Kaskazi ikivuma yanakuja, kutoka Arabuni, Ghuba, Bara Hindi, na tende na chumvi na mazulia na papa mkavu, yanajaa Funguni na Malindi, kusi ikianza yanarudi na boriti na karafuu. Hilo liliendelea mpaka miaka ya 1960, kwa hiyo mtu aliyekaa ghorofa ya juu ya Dispensari aliyajua majira ya mwaka kwa kuangalia bahari.

Baada ya Idi, wazee

Hii ndo zama tuliyoitaka tangu mwanzo. Mwaka 1900 jumba lilinunuliwa kwa ajili ya wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed, na hapo ndo likagawanywa: chini dispensari ya sadaka, juu fleti. Angalia lilivyokuja kuwa, Topan alitaka nyumba ya dawa ya masikini akafa kabla, na miaka tisa baadae ikaja kuwa hivyo hivyo kwa mkono wa mtu mwengine. Na jina lililobaki kwenye midomo ya watu si la Topan, ni la dispensari. Mie naona haki imetendeka.

Tulikwenda kumuona bi mkubwa mmoja, amezaliwa na kukulia Malindi, mtu mzima sana sasa lakini akili imetulia. Tukaingia na maswali yetu tuliyoyapanga, mwalimu akaanza na Topan. Akacheka, akasema yeye Topan hamjui, tumuulize foleni. Basi tukaacha maswali, tukamuacha aseme.

Anasema ukienda kuchukua dawa unakwenda na chupa yako. Usipokuwa na chupa unarudi nyumbani, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na chupa yake ya dawa imeoshwa imewekwa mahali pake, ya soda au ya mafuta ya mchikichi, na kizibo. Dawa ya maji inamiminwa humo, halafu ubavuni inabandikwa karatasi nyembamba iliyokatwa meno meno, kila jino kipimo kimoja, asubuhi unakunywa mpaka jino la kwanza, mchana la pili. Asiyejua kusoma hapati tabu. Mama yake alikuwa akimshikia chupa kwenye dirisha aone imefika wapi. Nyeupe ilikuwa ya tumbo, anakumbuka ilikuwa chungu mpaka machozi, na ukimaliza karatasi unaibandua unaosha chupa unairudisha kabatini.

Hayo ndo nilikuwa nikiyatafuta. Faili la Kilimani litakwambia jumba linamilikiwa na nani, halitakwambia kuhusu chupa. Mchoraji alipoyasikia akafuta meza tupu aliyokuwa ameichora ghorofa ya chini, akachora dirisha la dawa, foleni, na kila mtu na chupa yake mkononi.

Wazee wengine watatupa zaidi juu ya maisha ya juu, wapi kulipikwa, maji yalipandishwa vipi, nguo zilianikwa wapi. Mzee mmoja wa Funguni alituelezea namna nyumba za mjini zilivyokuwa zikishirikiana ngazi, Mhindi, Mngazija, Mwarabu, Mswahili, mlango kwa mlango, sahani za futari zinapanda na kushuka, na namna harufu ya dawa ilivyokuwa ikikaa kwenye ngazi hata Ijumaa chini pamefungwa. Kaongea mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mungu ampe umri.

Masika

Mvua imetukamata na kazi ya nje imesimama, kwa hiyo tumegeukia zama ya tatu, na masika ndo wakati wake hasa.

Januari 1964 Mapinduzi. Wahindi wengi wakaondoka miaka ile, majumba mengi ya mjini yakawa ya serikali, na hili likabaki bila wenyewe na bila kazi yake. Dispensari ikafa, fleti zikafa. Kuanzia hapo mpaka 1990 ni miaka ya kuoza. Kuna watu wanataka tuandike kwa hasira na wengine wanataka tusiandike kabisa. Tumeamua kuandika lililolipata jumba, kwa utaratibu, kama fundi anavyolieleza, kwa sababu hilo ndo somo ambalo mtoto anaweza kulitumia.

Fundi mmoja wa chokaa aliyefanya kazi nyumba nyingi za Mji Mkongwe alitueleza hivi, na hebu soma polepole. Nyumba ya mawe haianguki kwa sababu ya ukuta, inaanza juu. Bati la pwani linaliwa na chumvi, linatoboka tundu dogo. Tone linaingia, linashuka mpaka kwenye kichwa cha boriti, pale boriti ilipoingia ndani ya ukuta, mahali ambapo huoni. Pale ndo inapooza. Ukiiangalia katikati ya chumba boriti nzima, ukuta mzima, kumbe kichwa kimekuwa unga. Siku moja dari inashuka, ikishuka inaiangukia ya chini yake, na ukuta uliokuwa umeshikwa na dari zile unabaki peke yake, unaanza kutoka nje. Ndo mwisho. Yote kwa tone. Na nyumba yenye watu, tone likianguka kitandani mwa mtu usiku ule ule anapanda juu na kipande cha bati na lami. Nyumba isiyo na mtu nani atalisikia?

Ananiambia adui wa pili ni saruji. Chokaa inapumua, matumbawe yananyonya unyevu na chokaa inauachia utoke. Mtu akiona plasta imebanduka anakuja na saruji kwa nia njema kabisa, anaziba, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajazana ndani, na jiwe linasagika nyuma ya plasta inayoonekana mpya. Chokaa yenyewe ina kazi: matumbawe yanachomwa tanuuni, inaloweshwa shimoni, inakaa, ikizidi kukaa inazidi kuwa nzuri. Kijana wa leo anataka amalize Alhamisi alipwe.

Tukiandika haya huwezi kuacha kufikiria Ajaib. 2012 sehemu ya veranda ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima wa mbele ukashuka na mnara wa saa, watu wawili wakafa wakiwa kazini humo humo kwenye matengenezo. Mungu awarehemu. Ni dakika chache kwa miguu kutoka Dispensari, njia moja, bahari moja, chumvi moja. Dispensari nayo ingefika huko, na mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa njiani.

Kusi

Jua limerudi, na zama ya nne imemalizika kuandikwa. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na 1990 jumba likakabidhiwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Kazi ikaenda mpaka katikati ya miaka ya 1990, na lililonifurahisha mie ni kwamba mafundi wa hapa hapa walifundishwa humo, chokaa, mbao, nakshi, na mikono ile baadae ikaenda kwenye nyumba nyengine. Likafunguliwa kama kituo cha utamaduni, na maduka, ofisi na maonyesho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na jumba hili likiwa limeshasimama ndo lililokuwa linaoneshwa kama mfano wa kwamba inawezekana. Forodhani nayo ikatengenezwa na Mfuko huo huo, ikafunguliwa upya 2009.

Nashukuru kwa matengenezo, nasema bila kigugumizi, bila hayo leo tungekuwa tunachora kifusi. Lakini ukiiweka michoro minne pamoja ukutani, kama tulivyofanya juzi kwa mwalimu, kuna kitu kinakujia mwenyewe. Mchoro wa pili umejaa watu kutoka chini mpaka juu, usiku na mchana. Wa nne umejaa mchana tu. Saa kumi na mbili milango inafungwa na jumba linalala bila mtu. Na si hili peke yake, tembea Mizingani mpaka Shangani usiku uhesabu madirisha ya watu wanaoishi, siyo hoteli, wanaoishi. Majumba mengine yamekuwa hoteli na yako vizuri, yamepakwa, yanalindwa, lakini mtoto wa Malindi hana mlango wa kuingilia.

Nalisema sasa kwa sababu maalum. Serikali imeshatangaza bandari kubwa ya Mangapwani, mizigo ihamie huko na Malindi ibaki zaidi ya abiria na utalii. Makontena yakiondoka, pale mbele ya Dispensari patakuwa na ardhi na majengo yanayotafutiwa kazi mpya, na watu wenye pesa wataleta plani zao. Sisi tunataka mchoro wa pili uwepo mezani siku hiyo. Iwe dawa chini na watu juu, iwe duka la vifaa vya uvuvi chini na familia juu, iwe karakana ya nakshi chini na wanafunzi juu, lakini juu wawepo watu wanaolala humo na kulisikia tone.

Hali ya kazi ilivyo: mchoro wa kwanza na wa nne umemalizika na rangi zake. Wa pili umebaki ghorofa ya juu, tunasubiri mzee mmoja aliyekwenda Pemba kwa harusi ya mjukuu arudi, yeye alikuwa akipeleka maziwa fleti za mjini akiwa mtoto. Wa tatu tumeuchora kwa wino mweusi mtupu bila rangi, mchoraji kasisitiza. Maelezo mwalimu amewapa wanafunzi wake wasome kwa sauti, wakikwama kwenye sentensi tunaikata. Wamekwama kwenye kukodi forodha, imeandikwa upya.

Tunachoomba kwa yeyote: picha za familia za miaka ya 1950 mpaka 1980 ambazo Dispensari inaonekana nyuma, hata kidogo, hata ubavu tu. Picha ya harusi, ya mtoto na baiskeli, ya watu wanapanda meli kwenda Dar au Pemba. Hatuzichukui, tunazipiga pale pale kwa simu mbele yako na unabaki nayo. Jumamosi baada ya laasiri tunakuwa barazani nyumbani kwa mwalimu, ukifika Malindi uliza watu wanaochora Dispensari, watakuleta.